Kwa nini maziwa yaliyoharibika yateketezwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina duka la jumla mjini Morogoro. Baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu, wakaguzi walizichukua katoni zangu za maziwa fresh na mtindi uliovimba, wakaenda kuziteketeza kwa gharama yangu. Sisi tumekunywa maziwa mgando tangu utotoni. Kwa nini nisiruhusiwe kuyachemsha, au kuwauzia wafugaji wa nguruwe?

JIBU: Hasara hiyo inauma, hasa kwa kuwa umeme hukuukata wewe. Hata hivyo, maziwa mgando mazuri hutokana na maziwa salama yaliyochachushwa na bakteria wa asidi ya laktiki, ambao asidi yao huwazuia wengi wa bakteria waharibifu, ilhali pakiti iliyovimba ni dalili kwamba viumbe wengine, ambao hakuna aliyewachagua, wamekwisha kutoa gesi humo ndani. Kuchemsha hakutoshi. Bakteria aina ya stafilokokasi hufa kwa moto, lakini sumu waliyokwisha kuitoa hubaki hata baada ya maziwa kutokota.

Hoja ya nguruwe ina uzito zaidi, na kwa maoni yetu ingefaa kufikiriwa pale penye usimamizi wa daktari wa mifugo. Shida ni kwamba bidhaa ikitoka ghalani ikiwa bado ndani ya pakiti yake, hakuna anayeweza kuhakikisha kwamba haitarudi dukani. Mwaka 2008 nchini China, maziwa ya unga yaliyotiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, yaliwafanya watoto wapatao 300,000 waugue na kuua 6, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopiga marufuku maziwa kutoka huko. Shehena zile ziliamriwa ziharibiwe; lakini mwaka 2010 unga wenye melamini ulikamatwa tena katika majimbo ya Gansu na Qinghai, kwa sababu kuna waliouficha badala ya kuuharibu. Ndiyo maana pakiti hupasuliwa mbele ya mashahidi.

Unachostahili kudai ni hati inayotaja aina ya bidhaa, idadi, sababu ya kukamatwa na sahihi za pande zote mbili, kwani bila hiyo huwezi kukata rufaa wala kudai fidia ya bima. Tena, usijaribu kuyamwaga mwenyewe mtoni: maziwa yakioza humaliza hewa ya oksijeni majini, na samaki hufa.