Kitabu nimekinunua, kwa nini nisikiskani?

Maswali ya wasomaji: hakimiliki katika maktaba za kidijitali za wasioona

SWALI: Shule yetu ina wanafunzi tisa wasioona na wenye uoni hafifu. Tumenunua riwaya ya kidato cha tatu na tunataka kuiskani iingie kwenye maktaba yetu ya kidijitali. Je, ni lazima tumwandikie mchapishaji kwanza? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Si lazima, Mwalimu. Mkataba wa Marrakesh, mkataba wa kimataifa unaoruhusu vitabu kunakiliwa kwa ajili ya wasioona bila kumwomba mwenye hakimiliki, uliopitishwa 27 Juni 2013 na kuanza kutumika 30 Septemba 2016, uliandikwa kwa ajili ya darasa kama lako. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020, na Kenya ikaurekebishia Sheria yake ya Hakimiliki mwaka 2019. Masharti yake si mazito: taasisi isiwe ya kutafuta faida, kitabu kiwe kimepatikana kihalali, na kisibadilishwe ila kwa kile kinachohitajika ili msomaji akifikie. Kufupisha sura kwa sababu ni ndefu hakuhusiani na kumsaidia asiyeona. Huko ni kuhariri kazi ya mtu.

Msiuruke ukurasa wa hakimiliki. Wanaoskani wengi huanzia sura ya kwanza, na faili likifika maktaba nyingine hakuna anayejua ni toleo lipi wala haki ni ya nani. Linakataliwa, na kazi ya siku tatu inarudiwa.

Skanini kwa nukta 300 kwa inchi, 400 kama herufi ni ndogo. Kisha tafuteni kila “ng” katika faili, maana programu ya kutambua herufi hupenda kumeza ritifaa, ile alama ya (’): “ng’oa” inakuwa “ngoa”, neno jingine kabisa, na sauti ya kompyuta inalisoma bila kusita. Jina la kitabu linalojirudia juu ya kila ukurasa lifuteni pia, la sivyo litasomwa katikati ya sentensi.

SWALI: Faili liko tayari. Wazazi wanataka tuliweke kwenye kundi la WhatsApp la darasa zima. Kuna ubaya? – Mwalimu yuleyule

JIBU: Upo, na hapa ndipo wengi huteleza. Ruhusa hii inamfuata msomaji, haikifuati kitabu. Faili lilelile ni halali mkononi mwa mwanafunzi asiyeona, na ni nakala ya wizi kwenye simu ya jirani yake wa dawati. Mfungulieni kila mwanafunzi akaunti yake, mkitanguliza barua ya daktari, ya mwalimu wa elimu maalumu au ya kituo cha upimaji. Wekeni daftari: kitabu, muundo wa faili, tarehe, aliyepewa. Daftari hilo ni la ndani, kwa sababu mkataba unalinda pia faragha ya wasomaji.

SWALI: Mwanangu anaona vizuri ila ana disleksia, yaani ubongo wake hupata shida kusoma maandishi. Anaruhusiwa? – Mzazi, Arusha

JIBU: Kwa mkataba, ndiyo. Hata asiyeweza kushika kitabu au kufungua kurasa kwa ulemavu wa mwili amo. Kiziwi anayesoma maandishi bila shida hayumo.

SWALI: Mwandishi alishafariki zamani. Kitabu chake si huru kwa wote? – Msomaji, Zanzibar

JIBU: Kwa wanachama wenu wasioona, hilo halina uzito, ruhusa wanayo tayari. Linakuja pale mnapotaka kukiweka kwenye rafu ya kila mtu. Tanzania Bara na Kenya huhesabu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi. Shaaban Robert alifariki 1962, kwa hiyo maandishi yake yalikuwa huru huko kuanzia Januari 2013. Maandishi yake, nasisitiza: dibaji mpya, michoro na tafsiri zina wenyewe, nao pengine bado wako hai. Na mkitaka kulipeleka faili kwenye maktaba ya Marekani, hesabu inaanza upya: vitabu vya zamani hulindwa huko hadi miaka 95 tangu kuchapishwa, hivyo mwaka 2025 vilivyokuwa huru ni vya 1929 kurudi nyuma.

SWALI: Tumenunua kitabu-pepe lakini kimefungwa kwa kufuli la kidijitali, programu ya kusoma skrini inanyamaza. Tufungue kufuli? – Mkutubi, Nairobi

JIBU: Mkataba unazitaka nchi zihakikishe kufuli halimzuii msomaji huyu haki yake, ila kabla ya kushika bisibisi, mwombeni mchapishaji faili. Barua iwe fupi: jina la kitabu, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), idadi ya wasomaji, na ahadi kwamba faili halitatoka nje yao. Ombeni EPUB (muundo wa faili la kitabu-pepe) au Word. PDF ya kiwanda cha uchapaji huwa na mpangilio wa kusoma uliovurugika, tanbihi zikiingia katikati ya aya, na kuinyoosha huchukua muda kuliko kuskani. Wiki mbili zikipita kimya, nunueni nakala ya karatasi mrudi kwenye skana.