“I didn't went” hutoka wapi, na huondokaje

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: kwa nini mtu aliyesoma Kiingereza tangu shule ya msingi hadi kidato cha nne bado anasema “I didn't went”, na afanye nini limtoke mdomoni? Kwa sisi tunaofundisha somo hili, jibu la kwanza ni kwamba uvivu wa kukariri hauhusiki. Wengi wanaolifanya kosa hilo wanaimba “go, went, gone” bila kukwama. Wimbo ule umewapa umbo la neno, ila haukuwaambia neno linakaa wapi katika sentensi.

Tuanze na Kiswahili, maana makosa mengi ya wakati uliopita yanatoka huko, na dawa zake kadhaa ziko huko huko. “Nilienda” ikikanushwa inakuwa “sikuenda”. Alama ya -li- imeondoka, nafasi yake imeshikwa na -ku-, na “enda” haikuguswa. Hakuna mwenye Kiswahili chake anayesema “sikulienda”. Sikio linakataa kabla ya akili. Kiingereza nacho hakitaki alama ya wakati ikae mahali pawili. “I went” ikikanushwa, alama inahama kwenye kitenzi inakwenda kwenye “did”, na kitenzi kinarudi katika umbo lake la kamusi: “I did not go”. Hiyo “did not” ndiyo -ku- yao. Mwanafunzi anayesema “I did not went” amesema “sikulienda”. Mwandikieni ubaoni zote mbili, moja juu ya nyingine, acheke mwenyewe. Kicheko hicho kinafanya kazi kuliko kumsahihisha kila siku.

Kwenye maswali Kiswahili hakitusaidii. “Ulienda” na “Ulienda?” vinatofautiana kwa sauti tu, ndiyo maana watu husema “You went where?” na kujiona wamemaliza. Kiingereza kinamwita “did” tena: “Where did you go?” Na kwa kuwa “did” ameshabeba wakati, kitenzi kinabaki kitupu. Kuna mlango mmoja ambao “did” hapiti: pale “who” au “what” anaposhika nafasi ya mtenda. “Who came?” “What happened?” Linganisheni “nani alikuona”, ambayo ni “Who saw you?”, na “ulimwona nani”, ambayo ni “Who did you see?” Kiswahili kimewatenganisha wawili hawa kwa viambishi; Kiingereza kinawatenganisha kwa kumleta au kumwacha “did”.

Zoezi lake ni fupi. Chukua vitenzi vitano kwa siku, vilivyochanganywa: cook, buy, sweep, see, leave. Kila kimoja kipitishe njia tatu kwa sauti: “She bought sugar. She didn't buy sugar. Did she buy sugar?” Kwa sauti, narudia, kwa sababu kosa hili ni la mdomo. Anayelifanya akizungumza mara nyingi hulikamata mwenyewe akiliona kwenye karatasi.

Sasa kuna kosa kubwa zaidi ambalo halitajwi sana, nalo ni la -ka-. Tazameni sentensi hii ya kawaida kabisa: “Nilienda sokoni, nikanunua nyanya, nikapanda daladala, nikarudi nyumbani.” Alama ya -li- imetokea mara moja, mwanzoni. Vitenzi vitatu vinavyofuata vinaiegemea, vikibeba -ka- tu. Msimulizi wa Kiswahili hahitaji kusema tena kwamba mambo haya yalikuwa jana. Mwanafunzi akihamisha utaratibu huo kama ulivyo, anaandika: “I went to the market, buy tomatoes, board a daladala and come back home.” Mwalimu anaona makosa matatu na kuandika “tenses!” kwa wino mwekundu. Mwanafunzi haelewi, maana kichwani mwake wakati ameshautaja kwenye “went”.

Kiingereza kinataka kila kitenzi kijibebee mzigo wake: “I went to the market, bought tomatoes, boarded a daladala and came back home.” Angalieni kilichobadilika. Kiswahili kinarudia mtenda kila mara, “ni-” hii na “ni-” ile, na kuuegemeza wakati. Kiingereza kinamtaja mtenda mara moja, “I”, na kurudia wakati kwenye kila kitenzi. Ni kinyume chake kabisa. Anayelijua hilo ataandika insha yake ya kwanza iliyonyooka bila kukariri kitenzi kipya hata kimoja.

Namna ya kulifanyia mazoezi: chukua ukurasa mmoja wa hadithi ya Kiswahili, ya sungura na fisi inatosha, upige mstari chini ya kila -ka-. Hesabu. Kisha tafsiri, na uhesabu vitenzi vyako vya Kiingereza vyenye alama ya wakati uliopita. Hesabu mbili zisipokaribiana, kuna mahali umeegemea. Onyo moja: mwanafunzi akishaambiwa “tia alama kila mahali”, huanza kuzidisha na kuandika “I went to bought tomatoes”. Baada ya “to”, kama baada ya “did”, kitenzi ni kitupu. “Nilienda kununua” ni “I went to buy”. Nako Kiswahili kimetumia “ku-” pasipo alama yoyote ya wakati.

“I was go” lina chimbuko jingine. Mtu anaivunja “ni-li-enda” vipande vitatu na kutafuta neno la kila kipande: ni, “I”, enda, “go”, basi -li- itakuwa “was”. Hapana. “I was” ni “nilikuwa” nzima. Baada yake hufuata jina, sifa, mahali, kitenzi chenye -ing, au lile umbo la safu ya tatu (la “gone” katika “go, went, gone”) tunapotaka kusema mtu alitendwa: “I was a driver”, “I was tired”, “I was at home”, “I was cooking”, “I was given”. Ukiona “was” na kitenzi kitupu vimekaa pamoja, futa “was”, kisha kipeleke kitenzi kwenye wakati uliopita. “Was” na “were” pia havimhitaji “did”: ni “I was not there” na “Were you there?” Na “you” huchukua “were” hata akiwa mtu mmoja. Ndugu yake wa karibu ni “nilikuwa na baiskeli”, ambayo watu huigeuza kuwa “I was with a bicycle”, kama vile baiskeli ilikuwa inamsindikiza. Ni “I had a bicycle”, na ikikanushwa ni “I didn't have a bicycle”.

Halafu kuna mvutano wa -li- na -me-. Mitaani tunasema “nimemwona jana” na hakuna anayeshtuka, lakini “I have seen him yesterday” inasikika vibaya sana kwa Mwingereza. Kanuni ni rahisi: ukitaja siku, saa, mwezi au mwaka uliokwisha, “have” inaondoka. “Tanganyika became independent on 9 December 1961”. Kamwe usiseme “has become”. “Zanzibar and Tanganyika united in 1964.” Tarehe za historia ni mazoezi mazuri kwa sababu tarehe yenyewe inalazimisha wakati. Neno “ago” lina kazi hiyo hiyo, nalo hukaa nyuma ya muda: “three days ago”, “an hour ago”.

Tahadhari na -me- za hali. Mgeni amebisha hodi, anamtafuta baba, na mtoto anataka kumwambia “amelala”. Akisema “He slept”, mgeni ataelewa kwamba mzee alilala na sasa huenda ameshaamka, na atasubiri aitiwe. Anachotaka ni “He is asleep”. Vivyo hivyo “amesimama” ni “he is standing”, “amechoka” ni “he is tired”, “amekaa” ni “he is sitting”. Hizi ni hali za sasa hivi, wakati uliopita haupo hapo.

Kuhusu vitenzi visivyofuata kanuni nina ugomvi na ile orodha ndefu iliyopangwa kwa alfabeti. Inaanza na “arise”, kitenzi ambacho mtu anaweza kumaliza mwaka bila kukihitaji, huku “go” na “went” yake zikisubiri katikati ya orodha. Vipangeni kwa sauti. Kundi la kwanza halibadiliki: put, cut, hit, shut, let, cost, hurt. Hapo alama pekee inaweza kuwa s iliyokosekana: “he puts” ni kila siku, “he put” ni jana. Kundi la pili huishia na t: send na sent, spend na spent, build na built, keep na kept, sleep na slept, leave na left. La tatu ni bought, brought, thought, fought, pamoja na caught na taught. Tahajia ni mbili lakini mwisho wa sauti ni ule ule. Bought na brought huchanganywa sana: yenye r ni ya “bring”, yenye r pia. La nne ni know na knew, grow na grew, throw na threw, fly na flew. “Show” inajifanya ya kundi hilo lakini ni “showed”.

Kuna jozi za kuangaliwa peke yake. “Fall” ni “fell”, “feel” ni “felt”. “Read” huandikwa vile vile katika nyakati zote mbili, ila ya jana hutamkwa “red”. “Learnt” na “learned” zote ni sahihi, msipoteze usiku kubishana. Vitenzi vipya karibu vyote huchukua -ed, kwa hiyo “text” ni “texted”.

Tahajia ya -ed ina mitego michache. Y iliyotanguliwa na konsonanti hugeuka: carry, carried. Iliyotanguliwa na irabu hubaki: play, played, ila “pay” na “say” hutoa “paid” na “said”. Neno fupi lenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni kwa kawaida huongeza konsonanti: stop, stopped, plan, planned. Neno refu huongeza pale tu mkazo unapokuwa mwishoni, kwa hiyo “preferred” ina r mbili lakini “visited” na “opened” haziongezi kitu. “Travelled” yenye l mbili ni ya Uingereza, ambayo ndiyo ya shule zetu. Wamarekani huweka moja.

Matamshi ndipo walimu wengi tunapowaonea wanafunzi. Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo mdomo uliozoea hivyo ukikutana na “washed” hufanya moja kati ya mambo mawili: huongeza i na kusema “woshedi”, au huidondosha d na kusema “Yesterday I wash”. Huyu wa pili huhesabiwa kuwa hajui wakati uliopita. Mpe kalamu aandike. Akiandika “washed”, sarufi anayo na shida ni ya ulimi, kwa hiyo mazoezi yake ni mengine kabisa.

Sauti za -ed ni tatu. Baada ya p, k, f, s, sh na ch husikika t: “wosht”, “kukt”. Baada ya irabu na konsonanti nyingine nyingi husikika d: “pleid”, “klind”. Baada ya t na d pekee ndipo silabi huongezeka: “wontid”, “nidid”. Pigeni makofi: “washed” ni kofi moja, “wanted” ni mawili. Kwa anayedondosha mwisho, mpeni neno linaloanza na irabu lifuate: “washed it” itamkwe “wosh-tit”, “cleaned it” itamkwe “klin-dit”. T na d zimepata irabu ya kushikia, na ulimi wa Kiswahili unazimudu mara moja. Baada ya muda ondoeni “it” polepole.

Ukimaliza kuandika insha, usiisome kutafuta “makosa” kwa jumla, hutayaona. Pita mara tatu. Mara ya kwanza tafuta “did”, “didn't” na “to” ya kitenzi (si ile ya “to the market”), uhakikishe kitenzi chake ni kitupu. Mara ya pili tafuta kila “was” na “were”, uangalie jirani wake wa kulia. Mara ya tatu tafuta “and” na koma, maana ndipo -ka- zinapojificha, na uulize kila kitenzi kilichofuata kama kimebeba alama yake.