Mimba ya faru Ol Pejeta ilikuwa ya kusini
Je, mimba ya faru iliyopatikana 2023 katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, ilikuwa ya faru mweupe wa kaskazini, aina iliyobaki na majike wawili tu? Hapana. Viinitete (mayai yaliyorutubishwa maabara) vilivyopandikizwa Septemba 24 vilikuwa vya faru weupe wa kusini, kwa makusudi: mbinu ijaribiwe kwanza kabla ya kugusa akiba ya viinitete vya kaskazini, ambayo ni chache mno. Mimba ilishika. Kwa masikitiko, Curra, faru jike aliyepandikizwa viinitete hivyo kama mama mbadala, alikufa Novemba kwa maambukizi ya bakteria ya Klostridia. Ndipo kijusi dume cha siku 70, sentimita 6.4, kikakutwa tumboni. Mayai ya kaskazini sasa hutolewa kwa Fatu tu, mmoja wa wale majike wawili; mwenzake, Najin, alipumzishwa 2021. Fatu mwenyewe hawezi kubeba, kizazi chake kina kasoro, kwa hiyo lazima abebewe mimba na faru wa kusini, kwa miezi 16 hivi.