Umejifungua na unataka kurudi kwenye jiu-jitsu? Soma hii kwanza

Juzi kaniandikia dada mmoja wa Mwanza, mkanda wa bluu, yaani ngazi ya pili kutoka chini kwenye jiu-jitsu, ule mchezo wa kubanana na kukabana kwenye mkeka, mtoto ana miezi mitano, anasema kocha kamwambia "pumzika kwanza mpaka mtoto akue" na mume naye anaimba wimbo huohuo, sasa anauliza, dada hivi nimeshachelewa au bado? Nilitaka nimjibu mistari miwili inbox nikajikuta naandika gazeti zima, nikaona bora niliweke hapa maana najua mko wengi mnaojiuliza hilo swali ila mnaona aibu kuuliza.

Mpaka mtoto akue. Anakua lini jamani? Wangu yuko darasa la pili na bado hajakua.

Nianze na Mackenzie Dern, kwa sababu bila yeye mimi gi yangu, lile vazi nene la mazoezi, ningeshaigawa zamani. Kwa wasiomfahamu, ni Mmarekani wa Arizona, baba yake Mbrazil, Wellington Dias, yule wanayemwita Megaton, mkanda mweusi wa siku nyingi. Binti kaanza jiu-jitsu ana miaka 3, mkanda mweusi kaupata 2012 akiwa na miaka 19. Mwaka 2015 ndio ulikuwa mwaka wake, kachukua ubingwa wa dunia wa IBJJF, shirikisho la jiu-jitsu, kachukua ADCC, mashindano makubwa ya kukabana bila gi, kule São Paulo, na Abu Dhabi kwenye daraja la uzito wowote akamtoa Gabi Garcia, na Gabi ni mwanamke wa zaidi ya kilo 90 ambaye wenzake wakipangwa naye wanaanza kusali, Mackenzie ana kilo 60 hivi. Mimi Abu Dhabi naijua, nimefanya kazi hotelini kule, na ndiko nilikoanzia huu mchezo kwenye darasa la wanawake watupu. Kule jiu-jitsu inafundishwa mpaka mashuleni, unakutana na watoto wamevaa gi wanatoka mazoezini na mama zao wala hakuna anayewashangaa. Nikazoea hivyo. Nikadhani dunia nzima iko hivyo.

Najua mtasema huyo kazaliwa kwenye nyumba ya mikanda myeusi. Kweli, hilo silibishi. Ila tumbo la mimba halijui baba yako ni nani.

Twende kwenye habari yenyewe. 2016 akaingia MMA, mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na kukabana, 2018 akaingia UFC, kampuni kubwa ya mapigano hayo, anashinda tu. Juni 2019 akajifungua binti. Oktoba ya mwaka huohuo, hesabu mwenyewe, miezi minne tu, akarudi kupigana na Amanda Ribas pale Florida na akapoteza kwa pointi, mara yake ya kwanza kupoteza kwenye MMA. Mnajua watu walivyo, maneno yakaanza, karudi mapema, angelea kwanza, ameisha. Mei 2020 akamshika Hannah Cifers goti mpaka akagonga mkeka, yaani kusalimu amri, na kabla ya hapo hakuna mwanamke aliyewahi kushinda UFC kwa kufuli la mguu. Aprili 2021 akamnyoosha mkono Nina Nunes, na Nina naye ndio kwanza alikuwa anarudi kutoka uzazi, yaani mama kwa mama, nilivyoiangalia ile nilishindwa hata nimshangilie nani.

Baada ya hapo alipanda akashuka, kuna kipindi cha mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 kapoteza mbili mfululizo na watu wakamzika tena. Januari 2025 akakutana na Ribas yuleyule, safari hii akaushika mkono wake na Ribas akagonga. Oktoba 2025 akamshinda Virna Jandiroba akavaa mkanda wa ubingwa wa UFC, ana miaka 32, binti ana sita, na pambano lenyewe Abu Dhabi! Nililia. Mume wangu akauliza kuna msiba?

Sasa mimi. Nilirudi Tanzania nikaolewa, nikapata sehemu ya kufanya mazoezi Dar, sitaitaja. Kabla ya mimba nilikuwa natoka sare na vijana wa kiume wa uzito wangu, na wengine nawakaba kabisa. Nimejifungua, nimerudi, nikakuta nimebadilishiwa kazi. Nikawa "mama." Mama kaa hapo usiumie. Mama shika simu uturekodi. Ndugu zangu, nimerekodi sana. Nimewarekodi watu waliokuja wakati mimi naumwa uchungu leba, nikawarekodi wakipewa mistari kwenye mikanda yao, zile alama za kusonga mbele, wakanishukuru kwa video nzuri, na hakuna hata mmoja aliyesema mama vua kanga tupambane. Na kocha hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo linalouma, alikuwa ananionea huruma. Mkabaji nitamfundisha adabu, anayenihurumia nimfanye nini?

Nikahama. Huko nilikohamia kuna kocha wa kike, siku ya kwanza kanipandia kifuani kwa uzito wake wote, maziwa yakaruka mpaka kwenye gi yake, akacheka akasema endelea. Nimeendelea mpaka leo. Mashindano ya juzi nimechukua dhahabu, na yule kocha wa zamani kaja kuweka like kwenye picha. Nimeiona. Sijajibu.

Haya, ushauri, maana dada wa Mwanza anasubiri. Kwanza daktari, sio kocha wala mama mkwe, hasa kama ulifanyiwa upasuaji, akisema bado basi bado. Akikuruhusu, rudi. Usisubiri mwili uwe ule wa zamani, rudi na huu ulionao. Nyonyesha au kamua maziwa kabla hujatoka nyumbani, weka pedi za maziwa, beba kanga na fulana ya akiba. Ukiruka au ukikaza tumbo mkojo unaweza kuchomoka kidogo, wengi inawatokea na hakuna anayesema, mwambie daktari kuna mazoezi ya misuli ya chini yanasaidia. Viungo navyo vinakuwa vimelegea kwa muda, kwa hiyo mkono ukishikwa gonga mapema, usioneshe ushujaa, goti likiteguka mtoto utambebaje?

Cha pili ni kurudi. Najua nimeshasema. Narudia kwa sababu kila mliyeniandikia mmeniuliza mazoezi gani, chakula gani, gi aina gani, na hamna hata mmoja aliyeniambia siku gani anarudi. Chagua siku. Iandike. Mwambie mtu atakayebaki na mtoto saa hiyo, na kama ni mume mwambie sio anakusaidia, ni mtoto wake. Mnanisikia? Wanawake tunaomba ruhusa sana, tunaomba mpaka ruhusa ya kutoka jasho, halafu mwanaume akienda kuangalia mpira saa nne usiku hakuna aliyemuuliza mtoto kala nini.

Na kama pale ulipo umefanywa mpiga picha, ondoka, hata kama sehemu nyingine ni mbali na daladala mbili.

La mwisho ni kilo, maana hili ndilo linawaponza. Hata Mackenzie kabla hajazaa, Mei 2018 kule Rio alizidi uzito kilo 3 hivi, akashinda pambano lakini maneno aliyosemwa yalikuwa ya kilo tu. Wewe unanyonyesha, usijinyime chakula wala maji eti uingie daraja lako la uzito la zamani. Jiandikishe daraja la juu. Mimi ndivyo nilivyofanya mashindano yangu ya kwanza baada ya uzazi, nikapangwa na dada mmoja mabega kama mlango, akanibana nikashindwa hata kupumua vizuri, nikapoteza kwa pointi mbili. Ila asubuhi yake nilikunywa chai na chapati zangu, na mtoto alinyonya akashiba kabla sijaitwa.