Maswali Yenu: Chama cha Bodaboda Kinanisaidia Nini?

Wiki hii maswali yenu mengi yanazunguka jambo moja: kwa nini mwendesha pikipiki atoe ada na akae vikaoni kudai haki zake. Tumechukua matano.

*Nakabidhi hesabu kwa bosi kila siku, mafuta juu yangu. Chama kinataka 1,000 kwa wiki. Nafaidika nini? (Mbagala)*

Elfu moja kwa wiki ni 52,000 kwa mwaka. Tufanye na hesabu ya pili. Hadi 2021 kosa moja la barabarani lilimgharimu mwenye pikipiki 30,000, sawasawa na mwenye gari. Bajeti ya 2021/22 ikashusha faini hiyo hadi 10,000 kwa pikipiki na bajaji. Ukiandikiwa makosa matatu kwa mwaka, umeokoa 60,000. Ada imerudi na chenji juu. Hoja yenyewe ilikuwa ya haki: anayebeba abiria mmoja asitozwe sawa na mwenye basi. Lakini hoja ya haki isiyosemwa na watu wengi kwa pamoja hubaki kijiweni.

*Pikipiki yangu ilizuiwa kituoni siku tisa kwa kosa la saitimira. Si kuna waziri alikataza? (Morogoro)*

Ni kweli. Kangi Lugola, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliagiza bodaboda zisishikiliwe vituoni isipokuwa kwa mambo matatu: imetumika kwenye uhalifu, imepata ajali, au haina mwenyewe. Tatizo ni kwamba agizo la waziri si sheria. Lugola aliondoka wizarani Januari 2020, na agizo la jukwaani hulegea aliyelitoa anapoondoka. Linganisha na faini ya 10,000: hiyo ilipita kwenye bajeti, ndiyo maana unaweza kuidai mbele ya askari yeyote. Hapa ndipo tunapowasihi wenzetu: msiridhike na kushangilia kauli. Daini iandikwe kwenye kanuni.

Na dai linahitaji ushahidi. Siku ya kukamatwa, andika saa, mahali, namba ya askari na kosa ulilotajiwa. Piga picha pikipiki pande zote nne, pamoja na geji ya mafuta na sehemu ya betri, kwa sababu betri na saitimira ndizo huwa za kwanza kupotea yadi. Faini lipa kwa namba ya malipo, usimpe mtu pesa mkononi, na stakabadhi itunze. Kisha peleka nakala kwa katibu wa chama. Kisa kimoja kinapuuzwa kirahisi. Visa ishirini vya miezi mitatu, vimepangwa kwenye jedwali lenye tarehe na kituo, vikipelekwa kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa na kuombewa jibu la maandishi, havipuuzwi.

*Bosi alinipa pikipiki ya mkataba, nilipe hesabu mwaka mzima kisha iwe yangu. Mwezi wa kumi na moja nikaumwa wiki mbili, akaichukua. Nimepoteza kila kitu? (Mwanza)*

Pole sana, ndugu. Huu ndio wizi mkubwa kuliko wote tunaousikia vijiweni, na haufanywi na trafiki. Tuseme hesabu ni 10,000, siku sita kwa wiki, mwaka mzima: ni siku 312, yaani 3,120,000. Anayenyang'anywa mwezi wa kumi na moja ameshalipa si chini ya milioni mbili na laki sita, na mikataba mingi haina hata mstari mmoja unaosema pesa hiyo inakwenda wapi.

Kusanya uthibitisho wa malipo kwanza: taarifa ya miamala ya simu, daftari, mashahidi. Anza na mtendaji wa mtaa, na mkishindwana nenda mahakama ya mwanzo.

Kwa ambao hawajasaini, mkataba utaje mambo haya: jumla ya pesa na siku za malipo, siku za ugonjwa na za gereji zinazosogezwa mbele badala ya kuwa deni, nani ananunua pistoni na klachi (kwa kawaida tairi, oili na cheni ni za dereva), ukivunjwa, aliyelipa anarudishiwa kiasi gani, na siku ya kubadilisha jina kwenye kadi. Chama kikiwa na fomu moja ya mkataba kwa kata nzima, bosi hawezi kumkimbia anayeuliza na kwenda kwa asiyeuliza. Dereva mmoja hana nguvu hiyo.

*Bima si inatosha? (Tanga)*

Bima ndogo inawalipa wengine uliowaumiza. Mguu wako hailipi, wala pikipiki yako. Kwanza hakikisha stika yako inaonekana kwenye TIRAMIS, mfumo wa mamlaka ya bima wa kuhakiki stika, maana stika feki zipo. Pili, kundi la watu 200 linaweza kujadiliana na kampuni kuhusu bima ya ajali binafsi. Mtu mmoja anapewa bei iliyopo. Wenzetu wa Ufaransa walikwenda mbali zaidi: shirikisho lao la waendesha pikipiki, FFMC, lilianzishwa 1980, na 1983 likazaa kampuni ya bima ya wanachama, Mutuelle des Motards, ambayo ipo hadi leo.

*Mimi si bodaboda, naendea kazini tu. Yananihusu? (Dodoma)*

Yanakuhusu. Shimo halibagui. Mchanga kwenye kona, tuta lisilopakwa rangi, dizeli iliyomwagika kwenye mzunguko: gari linapita, pikipiki inalala. Pima kina cha shimo kwa rula, piga picha yenye kitu kinachotambulisha mahali, andika tarehe. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za mitaa na wilaya ni za TARURA. Barua iende kwa meneja husika kwa jina la chama, ikiwa na saini za vijiwe vyote vya barabara hiyo, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hamjatoka ofisini.