Kwa anayetafiti mazungumzo ya video kwenye elimu masafa: usiwahoji wote kwa video

Dada, umesema unasoma uzamili na mada yako ni mazungumzo ya video kama nyenzo ya mawasiliano kwa wanafunzi wa masafa, yaani wanaosoma wakiwa mbali na chuo. Unataka kukusanya data zote mtandaoni, hojaji kwa linki na mahojiano kwa video, uokoe nauli. Nakuomba sana usifanye hivyo. Mimi nilianza hivyo hivyo hapa Tanga, na nusura nipeleke kwa msimamizi matokeo ya uongo ilhali hakuna mtu aliyenidanganya.

Ilikuwa hivi. Niliwaalika walimu wanaosoma shahada kwa masafa huku wakiendelea na kazi. Waliotokea kwenye skrini karibu wote walikuwa wa mjini: Chumbageni, Raskazone, Ngamiani. Wakasema video imewasaidia, wanamwona mhadhiri, wanauliza na kujibiwa papo hapo. Nikafurahi, nikaanza kuandika. Msimamizi aliposoma akauliza: "Wa Pangani wako wapi? Wa Lushoto je?" Hao wa wilaya za mbali na mji sikuwa nao. Walioshindwa kuingia kwenye darasa la video ndio hao hao walioshindwa kuingia kwenye mahojiano yangu. Chombo nilichokuwa nakipima ndicho kilichokuwa kinanichagulia watu wa kuwahoji.

Nikapanda basi la Pangani. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinikubalia nikae naye jioni ya kikao cha darasa la video, mumewe akiwepo. Alikaa barazani, simu ameiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga, kamera ameizima. Kwenye daftari langu nilikuwa nimeshaandika kwamba wanaozima kamera hawashiriki. Yeye alikuwa na daftari mapajani, anaandika kila kitu. Sauti ilipokatika, alichora duara dogo pembeni mwa mstari na kuendelea. Kikao kilipoisha alihesabu maduara yake, akaandika kwenye kundi la WhatsApp la darasa: "Jamani, baada ya ule mfano wa pili alisema nini?" Mwenzake wa Korogwe akamjibu kwa ujumbe wa sauti, tena kwa mifano mizuri. Nilipomuuliza kuhusu kamera alisema bando ni sababu mojawapo, lakini si kubwa. Nyuma yake watoto wanakula na mama mkwe anapita na kanga zake za nyumbani. "Nyumba ya wakwe siwezi kuianika," akasema.

Pale ndipo nilipomwelewa Michael G. Moore, mtaalamu wa elimu masafa ambaye najua umeshamsoma. Mwaka 1989 alitenganisha mawasiliano ya aina tatu: ya mwanafunzi na maudhui, ya mwanafunzi na mwalimu, na ya wanafunzi wao kwa wao. Hojaji yangu yote ilikuwa inauliza ile ya pili. Maduara ya yule mwalimu yalikuwa yanajazwa na ile ya tatu, nje kabisa ya kikao. Ukiishia kwenye dakika za kikao utaona mtu aliyekaa kimya, na utaandika kwamba hakushiriki.

Suala la bando usiliandike kwa maneno matupu, lipigie hesabu. Zoom wanaelekeza kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na 600 kurudi kwa vidio ya ubora wa juu ya watu wawili. Kwa saa moja hiyo ni karibu MB 540. Sauti tupu, kamera zikiwa zimezimwa pande zote mbili, hata kwa kilobiti 80 kwenda na 80 kurudi, haifiki MB 80. Ukimpa msomaji wako tofauti hiyo, hatamwona mwenye kuzima kamera kuwa mvivu.

Kuhusu kurekodi, kuwa makini mno. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na vidio inabeba uso wa mtu, watoto wake na ukuta wa nyumba yake. Omba ridhaa ya sauti peke yake na ya picha peke yake. Mimi mwishowe nilibaki na sauti tu, na sikupungukiwa na kitu.

Vibali vianze mapema. Nilipeleka barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani, ndipo mkurugenzi wa halmashauri akaniruhusu kuonana na walimu. Chuo changu kilichelewesha barua hiyo na nilikaa wiki nyingi bila kazi, kwa hiyo ifuatilie mwenyewe, usingoje kuitwa.

Sikuambii uache video kabisa. Anayependa kuhojiwa kwa video mhoji hivyo, mwingine kwa simu ya kawaida, mwingine mfuate alipo, na kwenye sura ya tatu ya tasnifu, ile ya mbinu za utafiti, eleza nani ulimpata kwa njia ipi na kwa nini. Ila nauli ikiwa ndogo, itumie kwa walio mbali kwanza. Wa mjini utawapata tu.

Swali langu la "Je, umeridhika na vikao vya video?" nililifuta. Niliporudi tena Pangani, kisha nikapanda Lushoto, niliuliza: "Kikao cha mwisho ulikuwa umekaa wapi, na kilipokatika ulimuuliza nani?" Watu walizungumza mpaka chai ikapoa.