Kabla hujaituma picha ya gazeti la Uingereza, uliza ni la nani

Mamangu alinipigia simu kutoka Mombasa saa tano usiku, sauti imemkauka. Binamu yangu alikuwa ametuma kwenye kundi la familia picha ya ukurasa wa mbele wa gazeti moja la London, herufi kubwa nyeusi kuhusu wahamiaji, na chini yake ameandika: "Waingereza wamesema wageni wote watoke." Mama alitaka kujua kama nina nauli ya kurudi.

Waingereza hawakuwa wamesema. Gazeti moja ndilo lililopaza sauti, na kwenye aya ya sita ya habari yenyewe ilielezwa kwamba hilo ni pendekezo la mbunge mmoja, wala serikali haijalipokea. Nimeona mkasa huu mara nyingi mno kwenye makundi yetu. Ndugu zetu wananukuu "gazeti la Uingereza" kana kwamba yote yametoka chungu kimoja. Ndiyo maana naandika.

Niliyajua magazeti ya huku kwa njia isiyo ya shule. Kwa miaka saba nilisafisha mabehewa ya treni kituo cha Euston, London. Abiria hushuka na kuacha magazeti vitini, nasi tuna dakika chache za kuyakusanya kabla treni haijageuza. Yaliyo safi niliyaweka kando, nikayasoma wakati wa chai. Habari moja niliisoma mara tatu au nne kwa siku, kila mara kwa mwandishi mwingine.

Siku iliyonifumbua macho ilikuwa Alhamisi, 30 Aprili 2015, wiki moja kabla ya uchaguzi mkuu. Treni iliingia kutoka Glasgow, nikaokota The Sun la Scotland. Ukurasa wa mbele palikuwa na Nicola Sturgeon, kiongozi wa SNP, chama kinachotaka Scotland ijitenge na Uingereza, amevishwa kama shujaa wa filamu, na gazeti likiwataka wasomaji wakipigie chama chake kura. Mkobani nilikuwa na The Sun la London la siku ile ile. Hilo liliwataka wasomaji wamchague David Cameron wa Conservative, chama cha mrengo wa kulia, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa kuwazuia hao hao SNP wasiishike nchi! Jina la gazeti moja, mmiliki mmoja, siku moja. Niliyatandaza mezani nikamwita mwenzangu, mama mmoja wa Ghana, ayaone.

Mmiliki huyo ni Rupert Murdoch, aliyelinunua The Sun mwaka 1969, kisha The Times na The Sunday Times mwaka 1981, na mwaka 2023 akamwachia mwanawe Lachlan uenyekiti wa kampuni. Watu humsema kama mtu wa mrengo wa kulia, na ni kweli. Lakini gazeti lake lilimuunga mkono Tony Blair wa Labour, chama cha mrengo wa kushoto, mwaka 1997, likarudi kwa Conservative mwaka 2009, na mwaka 2024, siku moja kabla ya kura, likawa upande wa Labour tena. Kwa maoni yangu, mtu huyu anapenda sana kuwa upande wa atakayeshinda. Ukimsoma kama muumini wa chama, utapotea.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: mjue mmiliki, lakini usiishie kwake. Daily Mail ni la ukoo wa Harmsworth tangu lilipoanzishwa mwaka 1896, na leo mwenyewe ni Lord Rothermere, wa ukoo huo huo. Mwaka 2016, kwenye kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, Daily Mail chini ya mhariri Paul Dacre lilipigia debe kujitoa. Mail on Sunday, la mwenye mali huyo huyo, chini ya Geordie Greig, likawaomba wasomaji wabaki. Miaka miwili baadaye Greig akakabidhiwa Daily Mail, na sisi tulioliokota kila asubuhi tuliona ukali wake ukipungua. Metro, lile la bure linalojaa kwenye mabasi, nalo ni la kampuni hiyo, na ni pole kabisa kwa sababu linamlenga kila abiria. Kampuni ya Reach nayo ina Daily Mirror, linaloiunga mkono Labour miaka nenda miaka rudi, na tangu 2018 ina Daily Express la mrengo wa kulia. Hapo mhariri na mnunuzi wana nguvu kuliko mwenye hisa.

Mnunuzi, naam. Kwenye treni za Liverpool ilikuwa nadra sana kuokota The Sun. Nilidhani ni bahati tu, mpaka mzee mmoja wa kituoni aliponieleza. Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walikandamizwa hadi kufa uwanjani Hillsborough, na idadi ya waliofariki leo inahesabiwa kuwa 97. Siku nne baadaye The Sun likawatuhumu mashabiki kwa mambo ya aibu ambayo hawakuyafanya, chini ya kichwa kinachodai ndio ukweli. Mji ule umelisusia hadi leo. Nililia siku ile, nikiwa nimeshika gunia la takataka.

The Guardian ni habari nyingine. Linamilikiwa na mfuko wa Scott Trust, ulioanzishwa mwaka 1936, kwa hiyo hakuna tajiri anayegawiwa faida. Lakini lina upande wake pia, wa kushoto, na wasomaji wanaolichangia fedha wanatarajia liendelee hivyo. Financial Times ni la Nikkei, kampuni ya magazeti ya Japani, tangu 2015. Telegraph ni la kihafidhina, na mzozo wa nani alinunue ulifika hadi bungeni. Fedha za Abu Dhabi zilipotaka kuingia, mwaka 2024 ikatungwa sheria ya kuzuia serikali za nchi za nje kumiliki magazeti.

Na sisi wa Afrika Mashariki tusidhani hili halituhusu. Mjomba wangu, karani wa bandari, alisoma The Standard maisha yake yote, gazeti lililozaliwa Mombasa mwaka 1902. Tangu 1967 lilikuwa la Lonrho, kampuni ya Tiny Rowland. Mwaka 1981 Lonrho ikanunua The Observer la London. Mwaka 1984 mhariri wake, Donald Trelford, alikwenda Zimbabwe akaandika juu ya mauaji ya raia yaliyofanywa na jeshi la serikali huko Matabeleland. Rowland, mwenye biashara kubwa nchini humo, alimshambulia mhariri wake mwenyewe hadharani. Habari ilichapwa, na namheshimu Trelford kwa hilo. Lakini Machi 1989 gazeti hilo la Jumapili lilitoa toleo maalumu siku ya Alhamisi, juu ya ripoti iliyowaumiza ndugu akina Fayed, mahasimu wa Rowland katika kuligombania Harrods, duka kubwa la London. Hapo ndipo utauona mkono wa mwenye mali.

Sasa nafanyaje? Nikiona kichwa kinachonichemsha damu, natafuta tarakimu. Mei 2025 ofisi ya takwimu ilitangaza kwamba mwaka 2024 walioingia Uingereza waliwazidi waliotoka kwa 431,000, baada ya 860,000 mwaka uliotangulia. Mhariri mmoja anaweza kukuambia wamepungua nusu, mwingine akakuambia bado ni kama mji mzima. Wote wawili hawajadanganya. Basi nasoma mawili yenye mielekeo tofauti, na ninatazama ni jambo gani moja limeliweka juu na jingine limelificha mwishoni. Tahariri na safu za maoni nazitenga na habari. Kumbuka pia kwamba televisheni na redio za huku zinabanwa kisheria zisiegemee upande. Magazeti hayabanwi hivyo. Kanuni zao wenyewe zinayaruhusu kupiga kampeni, mradi yatofautishe maoni na ukweli. Kwa hiyo usiyasome kama unavyosikiliza taarifa ya BBC.

Binamu nilimpigia asubuhi yake, nikamwomba kitu kimoja: akituma picha, aandike na jina la gazeti na mwenye gazeti. Mama nilimshughulikia usiku ule ule. Nilifungua habari nzima, nikamsomea aya ya sita polepole kwa Kiswahili. Akauliza kwa nini hawakuiweka juu. Nikaanza kumweleza gazeti lile ni la nani na kina nani wanalinunua, tukazungumza hadi nikamsikia anapiga miayo.